Tunafungua

Jumatatu, 2 Juni

Jaza, pima, mwaga. Jaza tena. Vidole vimekunjamana kama vya kikongwe. Injinia kabadilisha matundu ya sakafuni, mengine kayaziba kwa nta, akasema tuone. Tumeona. Boti imevutwa nyuma vilevile, kamba ya mbele ikakaza mpaka mshale wa mizani ukapita alama nyekundu. Injinia akatafuna kalamu. Huyu mtu atakufa ana wino tumboni.

Kinyozi wa barabara ya Kabanga kaniuliza tena tunafanya nini humu kwenye ghala la kahawa. Jibu langu nimelipenda, naliandika. Nimemwambia: mtoni, upande wa Kibondo, kuna maporomoko, boti haipandi. Mradi unataka kujenga chumba kikubwa cha zege chenye malango mawili, moja chini, moja juu. Boti inaingia kwa chini, lango linafungwa nyuma yake, maji yanajaa chumbani, boti inapanda na maji, lango la juu linafunguliwa, safari inaendelea. Lifti ya boti. Sisi tumeijenga ndogo, mara ishirini na tano, ili tukosee hapa kwa mbao kabla ya kukosea kule kwa zege.

Kinyozi alisahau kunyoa. Nimetoka na kichwa nusu.

Injinia chumba hicho anakiita chemba. Hapa Kasulu chemba ni ya choo. Kila akisema "chemba imejaa" naziba pua.

Jumatano, 4 Juni

Kwenye huu mradi kuna watu wawili wa maana. Wa kwanza ni mimi. Mimi ndiye mwenye vali. Ni gurudumu la chuma, ukilizungusha maji yanatoka tangi la juu, yanapita mfereji uliofichwa chini ya sakafu, yanapanda kwenye matundu. Ukifungua kwa pupa maji yanaingia na hasira, yanaisukuma boti, kamba za kweli zingekatika na kuua mtu. Ukifungua kizembe, boti za kweli zitapanga foleni mpaka Burundi. Unatakiwa mkono. Nilitoka shule kidato cha pili na sikuacha chochote kule, mkono ninao.

Wa pili ni dada Devota. Yeye ndiye mwenye boti. Anaifunga kwa kamba mbili, mbele na nyuma, kila kamba ina mizani ya kuning'iniza kama ya bucha, ila ndogo, na anasoma kwa sauti maji yakipanda. Kwao Munanila. Wazazi wake walivuka kutoka Burundi zamani, uraia wanao. Lakini watu wakikasirika husahau haraka.

Kiswahili kina uvivu wake. Boti unafunga. Lango unafunga. Vali unafunga. Kamba, lango, vali, vyote unafungua. Neno moja linabeba mizigo yote kama punda wa mjane. Kiha chetu hakina mchezo huo. Kufungua kamba ni bohora. Kufungua vali ni ugurura. Kirundi cha kwao Devota ni yale yale. Basi sisi wawili tunapigiana kelele kwa Kiha juu ya ngurumo ya pampu na hatujakosea hata mara moja. Injinia akisema "fungua", Devota ananitupia moja la nyumbani, namrudishia moja, kazi inakwenda.

Injinia ni mtu wa pwani. Haelewi kitu. Anachuchumaa ukingoni, macho yamemtoka nyuma ya miwani, mashavu yanapanda na kushuka. Nimempa jina. Igikere. Chura.

Jumamosi, 7 Juni

Leo Injinia kaniita pembeni.

"Yohana, hivi Igikere maana yake nini? Nawasikia mkiniita."

Nikamwangalia usoni bila kupepesa. Nikasema, "Bosi, ni jina la heshima. Mkubwa wa maji."

Kafurahi! Kalirudia taratibu, kama mtu anaonja asali. Mkubwa wa maji.

Nimecheka mpaka nikakaa chini nyuma ya pampu. Devota hakucheka. Kaniambia, "We Yohana, mdogo wangu, huo mdomo utakuja kutugharimu." Namwambia nicheke na nani kama si na wewe. Kasonya.

Halafu habari kubwa. Wageni wa mradi wanakuja tarehe ishirini kuona boti ikipanda. Ikipanda vizuri, mimi na Devota tunaajiriwa kabisa kule mtoni, wa kusoma kina cha maji mpaka ujenzi uanze, halafu ndani ya ujenzi wenyewe. Injinia kasema mwenyewe, mbele ya mlinzi: mtakaoendesha siku hiyo ndio mtakaokwenda.

Devota aliinama akajifanya anakaza fundo ambalo lilikuwa limekaza tayari. Kabla ya hapa alikuwa anauza mafuta ya mawese ya watu wengine, anayabeba kwenye beseni kichwani kutoka Munanila. Kasema utosi wake una bonde. Nimemwambia mimi nitakuwa bosi wako kule. Kanirushia tambara la maji.

Jumanne, 10 Juni

TUMEIPATA.

Siri ni kutokuwa na haraka mwanzoni. Nafungua robo, nasubiri maji yafunike sakafu na kutulia, ndipo naimalizia. Maji yakishakuwa na kina, hayana nguvu tena ya kuichezea boti. Injinia ndiye aliyesema tujaribu, lakini mkono ni wangu, tuelewane. Mishale ya mizani imekaa chini ya alama nyekundu muda wote. Devota alikuwa anasoma kila namba mara mbili. Boti imepanda kama mtoto anayebebwa akiwa usingizini.

Injinia kaeleza kwamba dakika moja yetu ni dakika tano za mto wa kweli, hesabu za kipeuo, hata sijui. Nimetikisa kichwa kisomi.

Tukapeana mikono. Mkono wake baridi. Nikasema, "Hongera, Igikere." Akasema asante.

Sikujisikia vizuri sana. Kidogo tu. Ikapita.

Alhamisi, 12 Juni

Imekuwa mbaya.

Mchana Injinia kaenda kula kwa mama mmoja pale stendi. Mama kamuuliza, baba tukuite nani? Naye, kifua mbele, mbele ya madereva na wapiga debe na akina mama wa ndizi: "Hapa wenyeji wananiita Igikere."

Wanasema mtu mmoja alimwaga chai. Wanasema mama alilia kwa kucheka, akashika meza. Wanasema kitoto kimoja kilianza kuruka-ruka kuzunguka benchi kikiguna kama chura, na hakuna aliyekikataza. Hapo ndipo alipoelewa. Hakumaliza chakula.

Alirudi ghalani anatembea taratibu. Hakupiga kelele, ingekuwa afadhali. Kasimama katikati yetu kasema: "Kuanzia leo, humu ndani ni Kiswahili tu. Nikisikia neno la Kiha, aliyelisema ataondoka nalo."

Nikasema, bosi, ulikuwa utani. Akasema, "Mimi nilikuwa naandika jina hilo kwa mke wangu."

Nimejisikia mavi. Halafu nikakasirika. Mtu mzima anakasirika kwa chura? Chura kafanya nini? Chura anaishi na maji kuliko yeye.

Jumatatu, 16 Juni

Ghala limekuwa kama msiba. Pampu tu inaongea.

Injinia akisema fungua sasa, namwangalia amegeukia wapi. Akinigeukia mimi ni vali. Akimgeukia Devota ni kamba. Asubuhi alikuwa anaangalia karatasi, akasema "funga", mimi nikafunga vali na Devota akaenda mbio kwenye lango. Hakuna kilichoharibika. Injinia kasema, "Msikilize!" Tumesikiliza. Tatizo si masikio.

Nilitaka kumwambia. Bosi, tuongezee basi jina la kitu, sema fungua vali, fungua kamba. Lakini nikifungua mdomo naona macho yake yananitafuta, yanangoja neno la Kiha, yananingoja mimi hasa. Nikaacha. Kwa nini niwe mimi wa kumfundisha. Ana vyeti ukutani.

Devota haongei nami. Wakati wa chai alikaa na mlinzi. Nimemfuata nikamwomba radhi, kwa utani kidogo, nikasema chura samahani. Kaniambia, "Wewe ukifukuzwa unarudi kwa mama yako unakula. Mimi nikifukuzwa narudi chini ya beseni. Usinichekeshe."

Nikarudi kwenye vali yangu.

Alhamisi, 19 Juni

Wageni kesho. Tumedeki. Injinia kaleta makoti ya kazi mapya ya bluu. Langu refu, la Devota fupi, hakutaka tubadilishane.

Boti imepakwa rangi nyeupe.

Nina uhakika na mkono wangu. Naandika hapa: nina uhakika.

Ijumaa, 20 Juni

Sitaki kuandika. Naandika.

Wageni walikuja kama kundi la harusi. Mkubwa wao ni mzee mnene mpole, viatu vyeusi vinang'aa. Watu wa mtaani wamejaa mlangoni, kinyozi wangu naye yupo. Tulijaza mara ya kwanza, ikapanda vizuri, watu wakapiga makofi. Nilikuwa natoa jasho la fahari. Tukamwaga, tukairudisha boti chini, Devota akaifunga kwa ajili ya mara ya pili.

Hapo mgeni mkubwa akauliza, "Hizi kamba nazo za nini? Boti bila kamba inakuwaje?"

Injinia akacheka kicheko cha wageni. Akasema swali zuri sana, mheshimiwa. Akaanza kueleza, kawageukia wao, sisi katupa mgongo. Maneno hatukuyapata, pampu inanguruma. Halafu akanyanyua mkono juu, bila kugeuka:

"Haya, fungua!"

Devota akaniangalia. Nimeliona swali usoni mwake, na ningekuwa na Kiha ningelijibu kabla halijatoka. Mdomo wake ukaanza kuunda neno la nyumbani, nikamwona analimeza. Akasema kwa Kiswahili, kwa adabu, kama tulivyoamriwa:

"Tunafungua?"

Nami nimeshika gurudumu. Nikamjibu kwa sauti, wageni wasikie ninavyojiamini:

"Tunafungua!"

Yeye alifungua kamba. Mimi nilifungua vali.

Nilipoona fundo limefunguka mkononi mwake maji yalikuwa yameshaingia. Boti haikuwa na cha kuishika. Ilirudi nyuma taratibu, ikatulia kama inafikiri, halafu maji yakaisukuma mbele yote kwa pamoja, pua ikagonga lango la juu. Lango ni la plastiki ngumu ya kuonea ndani. Likapasuka kutoka juu mpaka chini. Maji yote ya upande wa juu yakatoka na kumwagikia viatu vyeusi.

Kule mlangoni mtu akacheka, na wote wakacheka. Nami nilicheka. Sijui kwa nini. Mdomo ulicheka wenyewe.

Devota alikuwa bado ameshika kamba.

Jumamosi, 21 Juni

Injinia kanihoji peke yangu. Lango lililopasuka limeegemezwa ukutani nyuma yake.

"Devota anasema wewe ndiye uliyemwambia afungue."

"Nilisema tunafungua, bosi."

"Kufungua nini?"

Nami mdomo huu, mdomo huu wangu wa kujibu haraka, ukasema: "Anayeshika vali anafungua nini kingine?"

Akaitikia kwa kichwa. Jibu zuri. Limemaliza kazi ya mtu.

Si uongo. Nimelirudia njia nzima kurudi nyumbani, hakuna uongo ndani yake. Nilikuwa na maneno mengine. Bosi, wewe ulitupa mgongo. Bosi, yeye alidhani unamjibu mgeni, mgeni kauliza boti bila kamba. Bosi, ulitunyima lugha tuliyofanyia kazi. Lakini hilo la tatu lina chura ndani yake, na chura ni wangu. Ukilivuta hilo, unanivuta mimi.

Nikanyamaza. Injinia naye alinyamaza, na niliona anajua. Anajua mgongo wake ulikuwa wapi. Tulitazamana wanaume wawili tunaojua, na tukaacha mwanamke aondoke.

Kaambiwa getini, hata ndani hakuingizwa. Mlinzi, yule yule aliyekuwa anakunywa naye chai, kasema, "Mkimbizi, kabidhi koti." Kazaliwa hapa hapa! Kalivua, kalikunja vizuri, mikono ndani, kola juu. Nilikuwa dirishani. Hakutazama dirishani.

Namchukia Injinia. Namchukia mlinzi. Mgeni mkubwa hata simchukii, kaniambia pole kijana.

Jumatatu, 23 Juni

Tumebandika lango jipya. Mwenye boti sasa ni kijana kutoka Buhigwe, mpwa wa sijui nani. Anafunga fundo kama anafunga kiatu.

Injinia sasa anasema "fungua VALI". "Fungua KAMBA." Kila mara, wazi kabisa, kama mwalimu wa chekechea. Imekuwa rahisi kumbe. Ilikuwa rahisi muda wote.

Kila anapolisema natamani kumtupia gurudumu.

Alhamisi, 26 Juni

Mgeni mkubwa ameridhika na matokeo ya mara ya kwanza. Mradi unaendelea. Nimeajiriwa. Barua ina muhuri.

Nilienda kwa kinyozi nijisifu, nikakaa kwenye kiti, nikakosa pa kuanzia. Akauliza, yule dada mwenye boti naye kapata? Nikasema wamemhamisha.

Huo sasa ni uongo. Wa kwanza usio wa utani.

Jumapili, 6 Julai

Kibondo. Nimepangishiwa chumba na mradi, ukutani hakuna hata msumari. Siku za kazi gari linanipeleka mtoni asubuhi na kunirudisha jioni. Kuna nguzo imepakwa mistari, nasoma kina, napiga simu, nakaa. Mwenzangu ni yule wa Buhigwe. Analala sana.

Maporomoko ni makubwa. Sikutegemea. Tuliyafanya madogo mara ishirini na tano mpaka nikadhani nayajua. Sauti yake inakaa tumboni. Nikiwa kule najaribu kumfikiria Devota akiyaona mara ya kwanza, angesema nini. Angesema nisisogee ukingoni, mdomo wangu mkubwa utanivuta.

Nimejaribu kumpigia. Inaita, haipokelewi. Nimejaribu kwa simu ya mwenzangu, ikapokelewa. Nikasema, "Dada Devo." Ikakatwa.

Kiha ninaongea sasa ninavyotaka. Hakuna wa kunikataza. Wa Buhigwe tunaelewana vizuri. Hanichekeshi na simchekeshi.

Jumamosi, 19 Julai

Nimeshuka Kasulu kwa mapumziko. Nimepita sokoni, upande wa mafuta.

Yupo. Kakaa nyuma ya chupa zake, beseni limefunikwa kanga. Kakonda kidogo, au ni jua. Nilisimama mbali nikipanga maneno, mimi, ninayepanga maneno. Nikasogea, nikamsalimu kwa Kiha, salamu ndefu, ya kuulizia mpaka mbuzi.

Akanijibu kwa Kiswahili. Kiswahili safi, cha dukani.

"Karibu mteja. Chupa ndogo au kubwa?"

"Dada Devo, ni mimi."

"Nakuona, kaka. Ndogo au kubwa?"

Hakuwa na hasira. Nilitafuta hasira, ningejua pa kuishika. Nikasema kubwa. Akaifuta chupa kwa tambara, akakaza kizibo, akaigeuza juu chini kuhakikisha haivuji, akaitia kwenye mfuko. Akasema asante, karibu tena.

Nyuma yangu alikuwapo mama mwenye mtoto mgongoni. Devota akamgeukia, na Kiha kikamtoka kama maji, wakacheka jambo fulani la bei au la mtoto, sikulisikia vizuri. Nilikuwa nimeshaanza kuondoka.

Jioni nimerudi Kibondo. Chupa nimeiweka dirishani. Chakula napikiwa na mama wa jirani, mimi hata sufuria sina.

Mafuta ni mazuri. Mekundu. Yameanza kuganda kwa baridi.